Mvinyo Mweupe wa Constantia na Tatizo la Kufasiri Neno "Terroir"

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwenye dawati letu la istilahi, yako yanayojibika kwa barua ya mistari mitatu, na yako yanayotulazimisha kusoma historia kwanza. Swali tunalolieleza hapa ni la namna ya pili. Mfasiri mmoja alipewa kazi ya kufasiri maandishi ya shamba dogo la mizabibu lililo karibu na bahari, ambalo hujivunia mvinyo mweupe wenye kuonyesha, kama wasemavyo wenyewe, terroir ya mahali pale. Neno hilo la Kifaransa lilimkwama kooni. Mara ya kwanza aliandika "udongo", mara ya pili "ardhi", mara ya tatu "udongo na hali ya hewa", na kila mara alijikuta anasema jambo ambalo mwenye shamba hakulisema. Ndipo akatuandikia.

Hatukumjibu siku ile. Tuliona yafaa tuchukue shamba moja lenye historia ndefu iliyoandikwa, tulipime neno hilo kwa mambo yaliyotukia kweli, badala ya kulipima kwa fasili za kamusi peke yake. Tulichagua Constantia, katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Mvinyo wake mweupe mtamu ulipata sifa Ulaya nzima tangu karne ya 18, na historia yake, kama itakavyoonekana, inaigusa pwani yetu.

Kabla ya kwenda huko, tuangalie akiba tuliyo nayo. Kiswahili si maskini katika uwanja huu kama wengi wanavyodhani. Mvinyo ni neno tulilolipata kwa Wareno, na pipa vilevile. Kamusi za zamani huonyesha kwamba kwa watu wa pwani mvinyo ulikuwa ni kileo cha kizungu kwa jumla, hata kile kikali cha kuchoma koo, na maana ya kinywaji cha zabibu ilijibana baadaye. Divai ni Kifaransa kilichomezwa pamoja na kiambishi chake, du vin, na twadhani njia yake ilipitia kwa wamisionari wa Roho Mtakatifu waliokuwa Unguja na Bagamoyo katika miaka ya 1860. Ndiyo maana divai inanukia kanisa hata leo, na mvinyo unanukia duka. Katika makala haya tunatumia mvinyo. Wafasiri wa Biblia nao walituachia shinikizo, yaani mahali pa kukamulia zabibu, neno ambalo wafasiri wa viwandani hulisahau wakaenda kukopa jingine bila sababu.

Zabibu ndiyo yenye hila. Kwa Kiarabu neno hilo ni tunda lililokaushwa. Sisi tumelitumia kwa tunda bichi na kavu pia, na mara nyingi hakuna anayedhurika. Tutaona kwamba Constantia kuna anayedhurika.

Waholanzi walifika Rasini mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck, wakiwa na nia ya kuanzisha kituo cha kuzipatia merikebu za Kampuni yao ya Mashariki ya India maji, nyama na mboga. Mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 zabibu zikakamuliwa kwa mara ya kwanza. Mvinyo wenyewe haukuwa wa kujivunia. Mabadiliko yalikuja na Simon van der Stel, aliyefika kuwa kamanda mwaka 1679 na baadaye akawa gavana. Mtu huyu, ambaye mji wa Stellenbosch umebeba jina lake, alizaliwa baharini karibu na Mauritius mwaka 1639, na bibi yake mzaa mama alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, mwenye asili ya Bara Hindi. Wale waliopenda kumhesabu kuwa baba wa mvinyo wa Wazungu wa Rasi kwa muda mrefu hawakupenda kulitaja hilo.

Mwaka 1685 van der Stel alipewa ardhi ipatayo hekta 760 upande wa kusini wa milima ya Cape Town, akaiita Constantia, jina la Kilatini lenye maana ya uthabiti. Husimuliwa kwamba kabla ya kuomba mahali hapo alichimbisha udongo sehemu mbalimbali akaulinganisha. Iwe ni kweli au ni hadithi ya kumtukuza mkubwa, masimulizi hayo yanaonyesha kwamba fikira ya "mahali panapofaa kuliko pengine" ni ya zamani kuliko neno tunalolitafuta.

Na mahali penyewe ni pa kusifika. Mashamba yako kwenye miteremko inayotazama kusini-mashariki, kilometa chache kutoka Ghuba ya False. Udongo ni wa matale yaliyooza, umechanganyika na mchanga wa mawe yaliyoporomoka kutoka juu mlimani. Mvua hunyesha wakati wa kipupwe. Kiangazi, jua linapokuwa kali, upepo wa kusini-mashariki huvuma kutoka baharini ukaipoza mizabibu, na jioni mlima hulificha jua mapema. Zabibu huiva polepole, zikabaki na ukali wa ndimu ndani ya utamu wake. Mwonjaji anaposema kwamba mvinyo mweupe wa Constantia "una bahari ndani yake", hasemi kwamba una chumvi. Asemalo ni kwamba ubaridi wa upepo ule umeacha alama. Hadi hapa mfasiri wetu angeweza kuandika "udongo na hali ya hewa" akalala usingizi.

Lakini tuingie ndani ya shinikizo. Mvinyo ulioipatia Constantia jina ulitengenezwa zaidi kwa zabibu za aina ya muskati. Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Tumewahi kuona tafsiri iliyoandika "zabibu za Maskati", kana kwamba zimetoka Omani kwa jahazi. Wataalamu wengi hulihusisha jina la zabibu hizo na miski, kwa sababu ya harufu yake nzuri, wala si mji. Mfasiri aandike muskati kwa herufi ndogo, na msomaji asipelekwe Ghuba bila nauli.

Zabibu hizo ziliachwa juu ya mzabibu hata baada ya kuiva, hadi zikaanza kusinyaa na utamu wake kukolea. Hazikuwa mbichi, wala hazikuwa kavu. Mtu akiandika kwamba mvinyo huo ulitokana na "zabibu kavu", ameandika uongo. Akiandika "zabibu" tu, ameficha siri yote ya kazi. Sisi tunapendekeza zabibu sinyaa, kwa kuwa kitenzi kusinyaa tayari kinabeba hali ya kupungua maji bila kufika ukavuni. Kusubiri zisinyae ni hasara: tone la maji huwa chache, ndege na nyuki huja, na mikono mingi yahitajika kupita mstari kwa mstari ikichagua shada lililo tayari na kuliacha lisilo tayari.

Ilikuwa mikono ya nani?

Van der Stel alifariki mwaka 1712, na mwaka 1714 shamba likagawanywa mara tatu. Sehemu moja iliitwa Groot Constantia, yaani kubwa, na nyingine Klein Constantia, yaani ndogo, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa jina la Hoop op Constantia. (Shamba linaloitwa Klein Constantia leo ni jingine, lililokatwa kutoka Groot Constantia mwaka 1823, wafasiri wa vitabu vya utalii wajihadhari.) Mvinyo wa kwanza kuipatia Constantia wanunuzi wa kudumu huko Ulaya, katika miaka ya 1720 na 1730, ulitoka katika lile shamba dogo, chini ya Johannes Colijn. Mama yake Colijn alikuwa Maria Everts, aliyejulikana kwa jina la Maria Mweusi, mtoto wa watumwa walioachwa huru walioletwa Rasini kutoka Guinea. Kwa hiyo aliyeifungulia Constantia soko la Ulaya alikuwa mjukuu wa Waafrika. Vitabu vingi vya mvinyo vilimpita kimya, vikaruka kutoka kwa van der Stel hadi kwa Hendrik Cloete, aliyeinunua Groot Constantia mwaka 1778 na kuipandisha tena hadhi.

Cloete alikuwa mtu wa bidii na wa majivuno. Mwaka 1791 lilijengwa ghala la mvinyo ambalo lingali limesimama, na juu ya mlango wake kuna nakshi ya Ganymede, inayohesabiwa kuwa kazi ya Anton Anreith. Katika hadithi za Wayunani, Ganymede ni kijana aliyenyakuliwa kwao akapelekwa mbinguni kuwamiminia miungu kinywaji. Chini ya sanamu hiyo walipita watu walionyakuliwa kweli, wakibeba vikapu.

Wanahistoria hukisia kwamba watumwa wapatao 63,000 waliletwa Rasini kati ya mwaka 1652 na 1808. Karibu robo walitoka bara la Afrika, hasa Msumbiji na pwani ya mashariki. Robo nyingine walitoka Bukini. Waliobaki walitoka Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Wale wa Msumbiji walikuwa wengi hata wakapewa jina la jumla, Masbieker. Na kati ya miaka 1776 na 1778 merikebu za Kampuni zilifika hadi pwani ya Waswahili, Unguja ikiwamo, kununua watu. Kumbukumbu za safari hizo zimehifadhiwa na zimechapishwa. Cloete alinunua shamba mwaka huohuo wa 1778. Hatusemi kwamba mtu fulani aliyeuzwa Unguja alichuma zabibu za Cloete. Tunasema kwamba soko lililolisha mashamba ya Rasi mikono lilifika mpaka kwenye lugha yetu.

Sasa tuyaangalie majina, maana ndiyo kazi yetu. Mtumwa wa Rasi alipoandikwa daftarini aliandikwa kwa jina moja, aghalabu si lake, likifuatwa na mahali alikotolewa: fulani van Mosambiek, fulani van Bengalen, fulani van Madagascar. Mvinyo nao uliandikwa kwa namna ileile, kwa mahali ulikotoka. Sarufi ni moja. Lakini kwa mvinyo, jina la mahali lilikuwa heshima iliyopandisha bei. Kwa mtu, jina la mahali lilikuwa badala ya jina la baba yake, na liliandikwa ili mnunuzi ajue amenunua nini. Twaona kwamba mwanaistilahi anayelishughulikia neno terroir bila kuyajua madaftari haya amesoma nusu tu ya ukurasa.

Sifa ilienea. Napoleon, alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena kuanzia mwaka 1815 hadi kufa kwake mwaka 1821, alipelekewa mvinyo wa Constantia. Jane Austen aliutaja katika riwaya yake ya mwaka 1811 kama dawa ya moyo uliovunjika. Kisha mambo yakageuka, na kwa haraka. Utumwa ulifutwa katika Rasi tarehe 1 Desemba 1834, ingawa walioachwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne mingine, kwa kisingizio cha mafunzo. Mwaka 1860 Uingereza ilifanya mkataba wa biashara na Ufaransa, na nafuu ya ushuru iliyoibeba mivinyo ya Rasi ikaondoka. Ukungu wa mizabibu ulikuwa umekwisha kuingia. Mwaka 1885 Groot Constantia ilinunuliwa na serikali ya koloni, na mwaka uliofuata wakulima wa Rasi wakathibitishiwa kwamba filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi, amefika. Mvinyo mtamu wa Constantia ukatoweka sokoni kwa karibu miaka mia.

Filoksera inatupa hoja ambayo wasifu wa terroir hawaipendi sana. Mdudu huyu hakushindwa kwa dawa. Alishindwa kwa kubebesha, kama mabwana shamba wetu wabebeshavyo miembe: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani ambao mizizi yake humhimili mdudu. Tangu wakati huo, kinachogusa udongo wa Constantia ni mzizi wa Kimarekani; kinachozaa juu ni Kifaransa; aliyekibebesha, mara nyingi, ni mjukuu wa Msumbiji au wa Java. Mahali hapo hapaelezeki kwa kupima udongo peke yake.

Sheria nazo zina sehemu yake. Mwaka 1935 Afrika Kusini ilikubaliana na Ufaransa kutoyatumia majina ya mahali pa Kifaransa kwenye mivinyo yake, na badala yake Ufaransa ikafungua soko kwa kamba-koche wa Rasi. Majina yalibadilishwa kwa kamba! Wale wanaodhani kwamba istilahi ni mchezo wa walimu wauangalie mkataba huo. Mwaka 1973 Afrika Kusini ikaanzisha mpango wake wenyewe wa kuthibitisha asili ya mvinyo, na Constantia ikatambuliwa kuwa eneo lenye jina lake. Familia iliyonunua Klein Constantia mwaka 1980 ilipanda upya muskati, na mvinyo mtamu wa mavuno ya mwaka 1986 ukaurudisha ule wa zamani. Siku hizi bonde hilo lajulikana vilevile kwa mivinyo myeupe isiyo na utamu, hasa ya sovinyoni nyeupe, na ndiyo hiyo ambayo maandishi ya aina aliyotuletea mfasiri hupenda kuielezea kwa neno terroir.

Lakini kati ya mwaka 1935 na 1973 kuna mwaka mwingine ambao haumo katika vipeperushi. Mwaka 1961 Constantia ilitangazwa kuwa eneo la Wazungu kwa mujibu wa sheria ya ubaguzi ya kugawa makazi. Familia za waliokuwa wakiitwa Machotara na Wamalai, ambao wengi wao walilima mboga na maua katika bonde lilelile kwa vizazi, walihamishiwa nje kwenye nyika za mchanga. Madai ya kurudishiwa ardhi yalianza kusikilizwa baada ya mwaka 1994. Na karibu na lango la Klein Constantia liko kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyehamishwa kwa nguvu kutoka Sumatra na Waholanzi katika miaka ya 1660, kabla shamba halijapata jina. Waislamu wa Cape Town hulizuru kaburi hilo wakaliita kramat, ambalo ni neno letu karama kwa lafudhi nyingine. Anayelinda mahali kwa dua na anayeuza mahali kwa chupa wamekaa mlango mmoja.

Turudi kwenye neno. Terroir lina ukoo mmoja na terre, ardhi. Katika Ufaransa ya karne ya 17 na ya 18, kusema kwamba mvinyo una ladha ya terroir ilikuwa ni kuutia ila: una ushamba, unanuka tope. Sifa ilikuja baadaye, ilipoonekana kwamba jina la mahali ni mali inayohitaji kulindwa. Kwa hiyo neno lenyewe limepanda cheo. Waingereza waliona taabu kulifasiri, wakaliacha kama lilivyo. Hilo si lazima liwe mfano kwetu, ijapokuwa "terua" ingetamkika bila shida.

Udongo haufai, tumekwisha kuona kwa nini. Ardhi ni pana mno, tena imeshikwa na wanasheria. Mazingira yamechukuliwa na elimu nyingine. Tabia ya nchi ni hali ya hewa. Mwenzetu mmoja alipendekeza "asili ya mahali", na tulielekea kulikubali, ila mahali paweza kuwa jangwa lisilowahi kukanyagwa, na terroir haiko pasipo mkulima.

Tukalifikia neno shamba. Kwa Kiswahili msitu si shamba, wala pori si shamba. Shamba ni nchi ambayo mtu ameitia jembe. Mkulima yumo ndani ya neno hata asipotajwa. Tena kwa watu wa Unguja na Pemba neno hilo lina kumbukumbu ya mikarafuu ya karne ya 19 na ya wale waliolazimishwa kuipanda na kuichuma, kumbukumbu ambayo si mbali na ile ya Constantia. Waliotupinga walisema kwamba shamba lina harufu ya dharau, kama katika "mtu wa shamba". Tukawajibu kwamba terroir nayo ilianza vivyo hivyo.

Pendekezo letu, basi, ni hulka ya shamba. Hulka, kwa sababu ni tabia ya kuzaliwa nayo inayoonekana katika matendo, na kwa sababu haidai kwamba inapimika kwa kilo. Wakulima wa Dodoma, ambao mizabibu yao huvunwa mara mbili kwa mwaka katika nchi kavu isiyofanana hata kidogo na Rasi, wanaweza kulitumia bila kuona haya: hulka ya shamba la Dodoma si hulka ya shamba la Constantia, na hakuna haja ya moja kuigiza nyingine. Kwa wingi tunasema hulka za mashamba. Ladha inayotokana nayo iitwe ladha ya hulka, si ladha ya udongo, isipokuwa pale mwandishi anapotaka kusema kweli kwamba mvinyo unanuka tope.

Sentensi aliyotuletea mfasiri, ambayo katika rasimu yake ya tatu ilisomeka "Mvinyo wetu mweupe huonyesha udongo na hali ya hewa ya pwani", tumemrudishia hivi: "Mvinyo wetu mweupe huonyesha hulka ya shamba letu la pwani." Ametujibu kwamba mteja wake ameuliza kama neno "letu" ni la lazima.